Mlioikaa kaunta ya dawa miaka mingi, mtu anazeekaje kwenye kazi hii?

Dada wa Kaunta (Mbeya)

Wakubwa shikamooni, wengine habari za usiku.

Mimi ni fundi dawa sanifu, nina miaka 34 na watoto wawili. Huu ni mwaka wa 9 niko kwenye famasi moja ya rejareja hapa Mbeya, upande wa Mwanjelwa. Naandika saa 5 usiku, watoto wameshalala, miguu nimeiweka juu ya stuli maana nisipofanya hivyo asubuhi viatu haviingii.

Kilichonisukuma kuandika ni hiki. Wiki mbili zilizopita alikuja kijana wa kampuni ya vifaa na mashine mpya ya kupimia presha, akatuachia tuijaribu kabla bosi hajanunua. Hapakuwa na mteja, nikajifunga mkononi mwenyewe. Ikasoma 164 kwa 104. Nikamwambia yule kijana mashine yake mbovu. Nikachukua yetu ya siku zote, ikasoma 160 kwa 102. Kaunta yetu haina kiti, nikakaa juu ya katoni ya dripu, nikaitazama ile namba mpaka ikazimika yenyewe.

Miaka 9 napima watu presha. Wapo akina mama wa sokoni wanaokuja kila mwisho wa mwezi, nina daftari lao, namba zao nazijua kwa kichwa. Yangu mimi sikuwahi kuiandika tangu kliniki ya mimba ya mtoto wa pili, na huyo mtoto sasa yuko darasa la kwanza.

Siku yangu iko hivi. Nafungua saa 1:30 asubuhi, nafunga saa 3 usiku, na siku nyingine inapita hapo kwa sababu huwezi kumshushia geti mama aliyebeba mtoto wa homa. Ni hivyo Jumatatu mpaka Jumamosi. Jumapili naingia baada ya ibada, saa 7 mchana hadi saa 1 jioni. Nimezihesabu wiki hii kwa mara ya kwanza: saa 13 na nusu mara siku sita ni 81, ongeza 6 za Jumapili, zinakuwa 87. Nilirudia hesabu nikidhani nimekosea kujumlisha. Mwanzoni tulikuwa wawili, tunapokezana zamu. Mwenzangu alienda kujifungua mwaka juzi, baadaye akahamia kwa mumewe Sumbawanga. Bosi alisema atatafuta mtu, na hadi leo niko peke yangu pamoja na binti wa usafi.

Maji sinywi. Choo kiko nyuma ya jengo, tunachangia maduka manne, na ili niende lazima nifunge geti. Ukifunga dakika tano mteja anavuka barabara kwa jirani. Kwa hiyo nimejizoeza: chai nyumbani asubuhi, baada ya hapo hakuna kitu cha majimaji mpaka alasiri. Mwaka huu UTI imenirudia mara tatu. Zote tatu nimejitibu kwa dawa ya shelfu bila kupima mkojo. Mimi huyu huyu kila siku nawakatalia watu antibayotiki kwa kuwa hawana cheti.

Na si UTI tu. Mgongo unauma, nina kama miezi mitano nameza diklofenaki asubuhi na jioni. Diklofenaki ikachoma tumbo, nikaongeza omeprazoli. Juni na Julai baridi ya hapa mnaijua, na kaunta yetu iko wazi kwa barabara. Mafua hayakuisha, nikawa nameza vidonge vya mafua ili niweze kuongea na wateja. Saa 11 jioni mwili ukigoma nafungua kinywaji cha kuongeza nguvu. Usiku usingizi haushiki, nameza Piriton. Nilipokuja kuviandika kwenye karatasi kama vile ninamwandikia mgonjwa, niliogopa. Mteja akiniletea orodha hiyo namrudisha kwa daktari wake siku hiyo hiyo.

Jambo linaloninyima usingizi zaidi ni la mwezi uliopita. Saa 2 usiku nilimpa babu mmoja wa Ilomba dawa ya sukari badala ya dawa yake ya presha. Maboksi ni ya kampuni moja, rangi zinakaribiana, na aliyeyapanga jirani kwenye shelfu ni mimi. Nilikuja kugundua wakati nafunga hesabu. Nashukuru Mungu babu ni mzee wa kanisa letu, kwake nakujua. Nilichukua bajaji, nikamkuta anasubiri chakula, boksi bado halijafunguliwa. Glibenklamaidi, dawa ya kushusha sukari, kwa mtu asiye na kisukari, mzee, usiku, akaenda kulala! Niliporudi nyumbani nilitapika.

Mama aliyenifundisha kazi alikuwa na duka lake Mbalizi. Alipata kiharusi akiwa na miaka 51, kwenye kaunta, anahesabu vidonge. Yu hai, ila mkono wa kulia haujarudi na maneno yanatoka nusu nusu. Nilipoiona ile 164 nilimwona yeye.

Sasa naomba mnijibu mlioko kwenye kazi hii. Wapo wanaofika miaka 60 kwenye kaunta wakiwa wazima? Inayotula ni kazi yenyewe, au ni namna tunavyoifanya? Na kwa bosi mliingiaje mkasikilizwa? Niliwahi kujaribu mara moja, nikalia katikati ya maneno, yakaishia hapo.

Mfamasia wa Baridi (Njombe)

Kamwene dada. Pole sana, na asante kwa kusema hadharani mambo ambayo wengi wetu tunayafanya kimya kimya.

Mimi ni mfamasia wa hospitali. Kabla hatujagusa habari ya kazi, naomba leo usimeze tena hiyo diklofenaki. Unajua mwenyewe kwamba inazuia mwili kutoa chumvi na maji, inapandisha presha na inaumiza figo, na ukiitumia muda mrefu inaongeza hatari ya moyo na kiharusi. Hata hiyo miguu kuvimba inaweza ikawa na mkono wake, si kusimama peke yake. Vidonge vya mafua, kama vina pseudoefedrini au fenilefrini, vinabana mishipa na presha inapanda. Juu yake unaongeza kafeini ya saa 11. Yaani una vitu vitatu vinavyosukuma presha upande mmoja, kisha unashangaa kwa nini mashine imesoma 164. Inawezekana sehemu ya presha hiyo itashuka ukiviacha, na inawezekana isishuke. Utajua kwa kupima tu.

Ipime vizuri, siyo kwa kujifunga umesimama kaunta. Kaa dakika 5 umeegemea, miguu chini usiikunje, mkono juu ya meza usawa wa moyo, usiongee, kibofu kiwe kimetoka kukojoa. Pima mara mbili asubuhi na mara mbili jioni kwa siku 7, andika zote, mpelekee daktari. Omba wakuangalie figo na sukari, na mkojo uoteshwe maabara, siyo kuangaliwa tu. Ukifika 180 kwa 120, au kichwa kikauma cha ghafla, macho yakafifia, kifua kikabana, upande mmoja ukalegea, usisubiri siku 7, nenda hapo hapo. Na nakuomba sana usijianzishie dawa ya presha, amlodipini, kutoka shelfu. Najua umeshaiwaza. Hiyo nayo huvimbisha miguu, utashindwa kujua kinachovimbisha ni kipi.

Swali lako la kazi yenyewe au namna tunavyoifanya, nikujibu kwa yaliyonikuta. Njombe ndiyo mkoa wenye maambukizi makubwa zaidi ya VVU nchini, 12.7% ya watu wazima kwa utafiti wa 2022–23, Iringa wanafuata kwa 11.1%, nyinyi Mbeya mna 9.6%. Dirisha la dawa la CTC, kliniki ya wanaoishi na VVU, kwetu lilikuwa foleni kutoka asubuhi mpaka giza. Ilifika mahali nikimwona mgonjwa anakuja namwona kama namba, siyo mtu. Siku moja nilimfokea mama mzee kwa kosa la kusahau kadi. Alitoka ananiomba radhi. Nilijifungia stoo. Shirika la Afya Duniani lilipouelezea uchovu wa kazi mwaka 2019 lilitaja mambo matatu: kuishiwa nguvu, moyo kujitenga na kazi, na kuona huna tena unachokiweza. Nilikuwa nayo yote.

Kilichoniokoa hakikuwa mapumziko. Wagonjwa waliotulia walipoanza kupewa dawa za miezi mitatu hadi sita kwa mara moja, foleni ikapungua. Wagonjwa ni wale wale, dawa ni zile zile, mshahara ni ule ule, mpangilio ndio uliobadilika. Nikaanza kula mchana. Nikaanza tena kuwauliza watu habari za nyumbani.

Kuhusu umri: Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani walitoa takwimu Mei 2021. Anayefanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki, hatari yake ya kiharusi iko juu kwa 35%, na ya kufa kwa ugonjwa wa moyo unaotokana na mishipa kuziba kwa 17%, ukimlinganisha na wa saa 35 hadi 40. Walikadiria vifo 745,000 kwa mwaka 2016 pekee. Wewe una saa 87.

Mkulima wa Parachichi (Rungwe)

Dada pole. Meza kitunguu saumu punje mbili kila asubuhi kabla ya kula kitu, na mchaichai jioni. Bibi yangu alifanya hivyo akafika miaka 90 na zaidi. Madawa ya dukani ndiyo yanayowamaliza.

Mfamasia wa Baridi (Njombe)

Ndugu yangu, kitunguu saumu kwenye mboga hakina ubaya, hata mimi nakula. Ila 164 kwa 104 haisubiri kitunguu. Na bibi alikuwa na shamba lake, akichoka anakaa chini ya mti. Huyu dada hana kiti.

Mama Mafinga

Habari zenu. Mimi naandika kama mwenye duka, najua wengine hamtanipenda.

Nilianza na duka la dawa baridi mwaka 2004, baadaye nikaingia kwenye mpango wa DLDM (Duka la Dawa Muhimu) ulipotoka Ruvuma, ulikoanzia 2003, na kusambaa huku kwetu. Miaka sita ya mwanzo kaunta nilikaa mwenyewe, kwa hiyo hayo ya kutokunywa maji nayajua, figo yangu moja ilitengeneza jiwe. Naomba mjue kwamba bosi si lazima awe mtu mbaya. Kodi ya pango, kibali, ada, TRA, mzigo wa jumla unaolipwa taslimu wakati mtaani watu wanakopa, boksi linaloekspaya kabla ya kuuzwa. Ukimwambia tu "nimechoka, ajiri mtu", anasikia mshahara wa pili, masikio yanaziba. Na anajua wahitimu wanaotafuta kazi ni wengi, hilo tusifichane.

Nieleze nilichofanya mimi. Binti niliyemwajiri alianza kukosea chenji jioni, halafu akakosea dozi ya mtoto. Tuliiwahi. Usiku ule sikulala, nikajiuliza kama lile duka ni langu au mimi ndiye wa duka. Kesho yake nikachukua daftari la shule, nikachora mistari ya saa, kila mteja akiingia tunaweka alama. Mwezi mzima. Kwetu wateja walijaa saa 2 hadi saa 5 asubuhi, kisha saa 11 jioni hadi saa 2 usiku. Saa 7 hadi saa 10 mchana walikuwa wachache mno, tena wengi wao ni wa kuuliza bei.

Basi nikaigawa siku. Yeye anaenda nyumbani mchana saa tatu nzima, mimi nakaa na hao wachache. Jioni nikamchukua kijana aliyepata mafunzo ya utoaji dawa, anakuja saa 11, nalipa kwa saa. Saa 2 usiku tunafunga, hata mama mwenye mtoto wa homa ameshazoea, na akipita muda huo tunamwelekeza hospitali, ambako mtoto wa homa usiku ndiko anakotakiwa awe. Mauzo ya mwezi hayakushuka.

Mwanangu, usiende kwa bosi na machozi. Nenda na daftari. Na hilo la babu wa Ilomba mwambie, usimfiche. Mwenye duka yeyote anayeelewa biashara hii anajua boksi moja la namna ile linaweza kufunga duka na kumpeleka mtu mahakamani.

Dada wa Kaunta (Mbeya)

Mama Mafinga, asante sana mama. Mfamasia, dada yangu au kaka yangu sijui, asante. Diklofenaki nimeiacha tangu jana, mgongo unaniuma nikiandika haya. Nimebaki na paracetamol na chupa ya maji ya moto mgongoni.

Habari ya babu sijamwambia bosi mpaka sasa. Naogopa. Nimekuwa najiambia kwamba ameshapona, yaani hakumeza, basi yameisha. Lakini nikiona boksi lile mikono inanitetemeka. Jana nimeyatenganisha, ya sukari nimeyapeleka shelfu ya juu peke yake, nimebandika plasta nyekundu.

Daftari la saa nimeanza leo.

Wa Kihesa (Iringa)

Salaam. Mimi nimefanya kazi za chama cha wafanyakazi, dawa sizijui, sheria kidogo naijua. Nitakuwa mfupi.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inasema saa za kawaida ni 9 kwa siku, 45 kwa wiki, siku zisizidi 6. Saa za ziada ni kwa makubaliano, hazitakiwi kuzidi 50 katika wiki nne, na zinalipwa mara moja na nusu. Chukua 87 toa 45, ni 42 kwa wiki, kwa wiki nne ni 168. Ukifanya kazi zaidi ya saa 5 mfululizo una haki ya mapumziko ya dakika 60. Kati ya kumaliza kazi na kuanza tena ziwe saa 12. Wewe ukifunga saa 3 usiku na kufungua 1:30 asubuhi zinapatikana 10 na nusu, na humo ndimo unapika, unaosha watoto, unasafiri. Kwa wiki saa 24 mfululizo za kupumzika. Likizo ya mwaka siku 28 yenye malipo.

Mkataba wako uko kwa maandishi? Hati za mshahara unazo? Michango ya NSSF inaingia? Angalia hilo kabla ya kuongea na mtu. Mazungumzo ya kwanza yawe na bosi mwenyewe, kwa upole, kama alivyosema Mama Mafinga. Yakishindikana yupo Afisa Kazi wa mkoa, na ipo Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Ukiachishwa kazi, malalamiko yanapelekwa Tume ndani ya siku 30, usikae nyumbani ukisubiri hasira zipoe.

Sikwambii uende ukagombane. Nakwambia ujue unachokiacha mezani unaponyamaza.

Mzee wa Dirisha (Tukuyu)

Wajukuu zangu, hamjambo. Nasomewa na mwanangu, naye ndiye anayeandika ninayosema.

Nina miaka 73. Dirisha la dawa nimelikaa kuanzia 1977 mpaka nilipostaafu nikiwa na miaka 60, hospitali mbili, zote huku milimani. Kwa hiyo mjukuu wangu wa Mwanjelwa, swali lako la kama wapo wanaofika, mimi hapa. Asubuhi ya leo nimekwenda migombani na kurudi kwa mguu, mvua ikinyesha.

Lakini usidhani zamani ilikuwa raha. Vidonge vilikuja kwenye makopo ya 1,000, tunahesabu kwa mkono na kijiti juu ya sahani, vumbi lake tunavuta siku nzima. Mwenzangu mmoja vumbi la penisilini lilimvimbisha uso, akahamishiwa masjala. Mafuta ya Whitfield ya fangasi tulichanganya wenyewe, mikscha ya kikohozi wenyewe, GV, ile dawa ya zambarau, inakaa kwenye kucha wiki mbili. Miaka ya 80 dawa muhimu zilikuwa zinakuja kwenye maboksi ya mwezi, boksi likiisha tarehe 20, siku kumi zinazobaki unamtazama mtu usoni unamwambia hakuna. Hiyo ilikuwa nzito kuliko kusimama. Kwa malaria nimepitia klorokwini ikaondoka 2001, ikaja SP, ikaja ALu mwishoni mwa 2006, na kila dawa inapobadilika wa kuelezwa na watu kwa hasira ni aliyeko dirishani.

Kilichotofautiana ni kitu kimoja. Saa 9 na nusu alasiri dirisha lilikuwa linafungwa. Kulikuwa na mtu wa zamu ya usiku, na huyo mtu hakuwa mimi. Saa 4 asubuhi kulikuwa na chai, tunakaa chini, bwana mganga naye anakaa. Hakuna aliyekuwa anatazama barabara kama mteja amevuka. Nilikuwa na ng'ombe wawili na kahawa kidogo, jioni mikono yangu inashika vitu vingine kabisa. Sikuwa na fedha. Nilikuwa na jioni.

Huko London kuna daktari anaitwa Michael Marmot, mwanangu huyu amenisomea. Walifuatilia watumishi wa serikali ya Uingereza miaka mingi sana. Waliokuwa ngazi za chini walikufa mapema kuliko wakubwa wao, hata ukiondoa habari ya sigara, na moja ya sababu waliyoiona ni mtu kutokuwa na kauli juu ya kazi yake, lini afanye, lini apumzike. Niliposikia hayo nilisema, hawa wamekwenda mbali kutafuta jambo ambalo sisi tulikuwa nalo kwenye ile chai ya saa 4.

Mjukuu wangu, mwalimu wako wa Mbalizi namfahamu kwa maelezo yako ingawa simjui kwa sura. Wa namna yake nimewazika. Wote walikuwa watu wazuri mno kwa wagonjwa. Omba kiti kwanza. Usianze na mtu wa pili, anza na kiti.

Dada wa Kaunta (Mbeya)

Shikamoo babu. Ndaga fijo, asante sana. Ule mstari wa kiti nilimsomea mume wangu, akatoka nje.

Nimekaa wiki tatu bila kuandika, narudi na majibu.

Presha nimepima siku 7 kama nilivyoelekezwa, bila diklofenaki, bila vidonge vya mafua, bila kile kinywaji. Wastani ulikuwa 149 kwa 95. Imeshuka lakini haijashuka vya kutosha. Nilikwenda hospitali siku ya kazi, nikafunga geti, nikaandika karatasi "Tutarudi saa 8 mchana". Figo ziko salama, sukari iko salama. Daktari amenianzishia dawa, narudi kwake baada ya mwezi. Aliponiuliza umekuwa ukitumia dawa gani nilimpa ile orodha yangu, akaisoma mara mbili, akasema tu, "Sasa tunaanza upya."

Mkojo ulipooteshwa walikuta bakteria ambao antibayotiki ya siprofloksasini haiwawezi tena. Ndiyo niliyokuwa nameza mara zote tatu. Hilo limeniuma kuliko presha, kwa sababu nilikuwa najua.

Kwa bosi niliingia na daftari. Kwetu mchana hauko mtupu kama Mafinga, soko liko karibu, ila saa 8 hadi saa 10 ni wachache kweli, na baada ya saa 2 usiku kwa siku 15 waliingia watu 41 tu. Nilianza na habari ya babu wa Ilomba. Alikasirika. Alisimama, akatoka nje, akarudi. Akaniuliza kwa nini sikumwambia siku ile. Nikamwambia niliogopa kufukuzwa. Tulikaa kimya muda, halafu ndipo akaomba daftari. Za sheria sikuzitaja siku hiyo, ila nilikuwa nimeziandika ukurasa wa mwisho, na najua alifika huko kwa sababu alikaa nao.

Kiti kimekuja kesho yake, kirefu cha kaunta chenye mgongo. Tunafunga saa 2 usiku. Saa 8 hadi saa 10 mchana shemeji yake bosi, ambaye ni mfamasia, anashika kaunta siku tatu za wiki. Mtu wa kudumu hajapatikana, na Jumapili bado iko pale pale; hilo nimemwambia tutalizungumza mwisho wa mwezi, na safari hii ukurasa wa sheria nitaufungua mwenyewe. Chupa ya maji iko kaunta, lita moja, na choo naenda, geti nafunga. Wengine wanavuka barabara. Wengi wanasubiri.

Jumapili asubuhi nilipitia Mbalizi kwa mwalimu wangu na ile mashine mpya. Nilimpima, nikajipima, akanyoosha mkono wa kushoto anataka kuona yangu. Ilikuwa 138 kwa 88. Aliitazama, akasema "Andika." Neno lilitoka zima.

Nimebaki na swali dogo. Miguu imepungua ila jioni bado inavimba, na kuna mishipa imeanza kujichora nyuma ya goti. Daktari amesema nitafute soksi za kubana. Za hapa mjini nilizoziona zina S, M, L bila maelezo. Napimaje saizi?

Mfamasia wa Baridi (Njombe)

Ni dada yako, siyo kaka. Nimefurahi hadi nimewasomea wenzangu dirishani.

Pima asubuhi kabla hujashuka kitandani, miguu ikiwa haijavimba. Zungusha futi kamba pale juu kidogo ya kifundo, panapokuwa pembamba zaidi, kisha kwenye nyama ya mguu panapokuwa panene zaidi, kisha urefu toka kisigino hadi chini ya goti. Andika namba zote tatu, usinunue boksi lisilokuwa na jedwali la sentimita. Anza na mbano mdogo. Vaa kabla ya kutoka kitandani, vua usiku. Vidole vikifa ganzi au vikibadilika rangi, zivue. Nitumie vipimo vyako hapa, kesho naulizia stoo ya jumla Makambako.